Siku Baba Alipomwamkia Dada

Watu hunisifu eti nilikuwa mtoto mtiifu. Leo nasema ukweli wake, na asinikatize mtu.

Nyumba yetu ilikuwa porini, upande wa Ulyankulu, enzi za Mwingereza, kabla serikali haijatuhamisha kwa sababu ya mbung'o. Tulikuwa watatu: kaka Alois, mrina asali, dada Apolinaria, wa miaka kumi na saba, na mimi Veneranda, kitinda mimba, wa miaka minane. Dada ndiye aliyenibeba mgongoni, akanisuka, akanichapa pia, tena alikuwa na mkono mzito huyo! Nilimpenda kuliko mama, haki ya Mungu.

Mwaka ule alikwenda na Alois kubeba asali, akarudi na homa. Homa ilipopungua ukaanza usingizi. Alisinzia mchana kweupe, tonge la ugali mdomoni, macho nusu wazi. Akizinduka alicheka na watu ambao sisi hatukuwaona, akawauliza habari za mashamba yaliyokwisha kuwa msitu. Siku moja akaniita: "Wewe mtoto wa Bernardo, ugoro wangu uko wapi?"

Bernardo ni baba yetu. Na aliyekuwa akinusa ugoro pale nyumbani ni mama yake baba, bibi yetu, ambaye tulimzika miaka mitatu nyuma.

Baba alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa. Lakini aliposikia hayo alichuchumaa mbele ya binti yake wa kumzaa, akapiga makofi taratibu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," dada akajibu, bila hata kumtazama.

Tangu hapo sote tukamwamkia hivyo. Alivikwa shanga nyeupe za bibi, akapewa kigoda cha bibi. Jamani, niliogopa! Jua likiwa kali, nyumba kimya, nilikuwa nikimsikia yuko peke yake chumbani akiitikia: marahaba, marahaba. Sikuthubutu kuchungulia nijue nani anamwamkia.

Alois peke yake ndiye aliyekataa. "Baba, haya ni malale. Nimewaona wengine huko porini. Tabora kuna sindano. Akicheleweshwa atakufa."

Baba akamkata jicho. "Mama yangu alifia hapa. Akitolewa kwa nguvu kabla hatujampikia pombe yake ya tambiko, atachukua mwingine." Kisha akanitazama mimi, mdogo wa wote. Hakuwa na ubaya, baba. Aliogopa tu, na hofu yake ikanihamia.

Alois akaenda kumwita mkaguzi wa malale, mmoja wa wale waliozunguka vijijini wakipapasa shingo za watu kutafuta tezi. Baba alipowaona kwa mbali wanakuja, alimbeba dada akamtia ndani ya kihenge cha nafaka, kilichokuwa kitupu mwisho wa kiangazi, akakifunika. Mimi akaniweka kando yake na kinu cha mhogo mkavu. "Wewe twanga tu," akasema.

Mkaguzi akapapasa shingo ya baba, ya mama, kisha yangu, akarudi katikati ya ua, mbali na kinu. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Amekwenda Puge kwa shangazi yake," baba akasema. Mama alitazama chini.

Alois akaniita kutoka kule aliposimama. "Vene! Kweli dada amekwenda Puge?"

Hapo nikasikia sauti ndani ya kihenge, karibu na sikio langu. Haikuwa ya bibi. Ilikuwa ya dada yangu, nyembamba, yenye akili zake zote.

"Vene, nitoe. Ni mimi."

Nikainua mchi. Nikatwanga kwa nguvu zangu zote, nikaimba ili kuifunika sauti yake, vipande vya mhogo vikaruka nje ya kinu. Niliogopa nitachukuliwa mimi.

"Ndiyo, kaka!" nikapiga kelele. "Amekwenda!"

Alois hakuketi hata kunywa maji. Alishika njia ya Puge siku ileile, kwa miguu, kumfuata dada.

Aliporudi siku ya tisa tulikuwa tumeshamzika dada. Alikwenda kaburini, halafu akanivuta kifuani pake. Nilikuwa nalia.

"Usilie, Vene," akasema. "Walikudanganya na wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.