Shimo la Kando ya Uwanja

Shule yetu ya sekondari ilifunguliwa na serikali miaka michache kabla ya uhuru, juu ya mawe meusi ya volkano, si mbali na Kirotshe, karibu na ziwa. Sisi wanafunzi wa kwanza tuliijenga kwa mabega yetu: asubuhi darasani, alasiri kubeba mawe. Tulikuwa na kwaya, mazoezi ya viungo kila Alhamisi, na timu iliyocheza kwa mpira mmoja tu wa ngozi, ambao mkurugenzi, Mbelgiji, aliufungia ofisini kana kwamba ni kikombe cha misa.

Kando ya uwanja kulikuwa na shimo pana, kina chake kimo cha watu wawili, chini majani mabichi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pale. Tangu utotoni mama alinikataza kuingia katika mashimo ya namna ile, hasa asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Tuliyaita mazuku. Mbuzi aliyeshuka humo hakupanda tena, na ndege walilala chini wamekufa bila jeraha. Wazee walisema ni mizimu inayokaba pumzi. Mwalimu wetu wa dini, mtu mwema aliyetoka mbali, alisema mbatizwa anayeogopa shimo bado anaabudu mizimu. Nami nilikuwa wa kwanza katika somo lake. Nilikuwa ninangoja barua ya kunipeleka seminari, na nililichunga jina langu kuliko roho yangu.

Rafiki yangu, aliyelala kitanda cha jirani bwenini, alikuwa mwana wa wafugaji wa milima ya Ngungu. Kule juu hakuna mazuku. Siku moja tukitoka kuchota maji aliniuliza:

“Kaka, mbona bamama banapita mbali na ile shimo? Kuko nini ndani?”

Mwalimu wa dini alikuwa nyuma yetu, rozari mkononi. Nilijibu kwa sauti ya kumfikia.

“Hakuna kitu. Iko uongo ya bapagani tu.”

Mwalimu alinipigapiga begani kwa upole. Nilifurahi.

Wiki iliyofuata tulifanya mazoezi alfajiri, maana Jumapili tungecheza na shule nyingine. Nilipiga mpira vibaya, ukatumbukia shimoni. Desturi ilikuwa wazi: aliyepiga ndiye anayeufuata. Nilikimbia hadi ukingoni, nikasimama. Hewa ilikuwa imetulia. Mpira ulionekana kati ya majani, na karibu yake njiwa amelala ubavu.

“Shuka basi, Papa Padri!” wenzangu walipiga kelele. “Ao unangoja mizimu ya bakoko ikuletee mupira?”

Walicheka wote. Rafiki yangu alinipita huku akivua shati.

“Acheni padri yetu, atachafua miguu. Miye naenda.”

Nilifungua mdomo. Neno moja lingetosha, na nilikuwa nalo. Lakini nilisikia tayari kicheko chao, na jinsi habari ingemfikia mwalimu. Nikafunga mdomo. Alishuka akipiga mluzi, akainama kuokota mpira, magoti yakamkunjika. Hakupiga kelele. Alilala kama mtu aliyechoka.

Wawili walitaka kumfuata. Hapo ndipo nilipopata sauti. Niliwashika nguo, nikapiga mayowe. Mama mmoja aliyekuwa akilima jirani alikuja mbio na kijinga cha moto alichokuwa nacho shambani. Alikitupa shimoni. Kilizimika kabla ya kugusa majani.

“Munaona? Asishuke muntu!” alisema. “Mulete mianzi mirefu na kamba.”

Tulimvuta kwa mianzi. Alitoka akiwa na joto bado, lakini pumzi hakuna. Mkurugenzi aliandika kwamba ni ugonjwa wa moyo. Mwalimu wa dini alikuja, akakaa juu ya jiwe, kofia mapajani, hadi jua lilipopanda.

Tulimbeba kwa machela hadi kwao, kupanda mlima kutwa nzima. Baada ya maziko mama yake alitupatia maziwa sisi tuliombeba. Mimi alinipa nikiwa wa mwisho, akakaa mbele yangu. Alijua kwamba tulikuwa marafiki. Mwanawe alikuwa amemsimulia.

“Mutoto yangu hakukuwa na wazimu,” alisema. “Kama angejua, hangeingia. Hakuna muntu alimwambia?”

Mkurugenzi alikuwa ametuagiza tuseme ni moyo.

“Aliniuliza, Mama,” nilisema. “Nikamwambia hakuna kitu. Nilijua.”

Hakulia wala hakunilaani. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado kimejaa, akayarudisha maziwa ndani ya kibuyu na kukifunika.

“Uende,” alisema, “kabla baba yake arudishe ng'ombe.”

Nilimuaga, nikaondoka peke yangu. Mungu amenivumilia tangu siku ile, nami namshukuru. Barua ya seminari ilipofika niliirudisha.