Nyuso Zilizobandikwa Kifuani

Kila asubuhi, kabla hajaingiza mteja wa kwanza, Mama Vagheni husimama mlangoni pa studio yake, akanyoosha mkono na kukunja ngumi usawa wa uso wake. Huigeuza polepole, kushoto, kulia, akitazama vivuli vinavyoangukia kati ya vifundo vya vidole. Pale vivuli vinapolainika ndipo anapoweka kiti. Wenye pikipiki wa Vulamba, mtaa wake wa mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, wanaongoja abiria ng'ambo ya barabara, wamezoea kumchokoza.

"Mama Foto, jua inakukosea nini tena?"

Yeye huwajibu kwamba jua halina shida, shida ni sura zao.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kazi alifundishwa na marehemu mume wake, na kwa miaka mingi alijua picha ya uso ya aina moja tu, ile ya kitambulisho. Shuka jeupe nyuma, kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, mdomo ufungwe. Alizipiga kwa maelfu, na hakuna ofisi iliyomrudishia hata moja.

Mwaka 2019, wakati wa Ebola, mdogo wake Kasonia alitolewa kwenye shamba lake la kakao huko Mangina akapelekwa kituo cha matibabu cha mahema, Beni. Vagheni alitoka Butembo akamkuta upande wa pili wa uzio. Kasonia alikuwa anakataa kunywa. Waliomwendea walivaa suti zilizowafunika mpaka machoni, na yeye hakuamini kwamba ndani yake mlikuwa na mtu anayemtakia mema. Hadassa, mkuu wa wauguzi, hakumficha Vagheni kitu: dawa zilikuwapo, lakini mwili uliokauka namna ile usingefika siku ya tatu bila maji.

Hadassa alikuwa na wazo. Kila muuguzi abandike picha ya uso wake kifuani, juu ya suti. Vagheni hakungoja kuombwa mara mbili. Alitundika shuka, na kabla ya saa sita alikuwa amewapiga wote kumi na mmoja, masikio nje, midomo imefungwa. Akaenda kuzichapisha kubwa mjini na kuzifunika kwa plastiki. Anasema hajawahi kupiga picha safi kama zile.

Asubuhi iliyofuata Kasonia alikipiga kikombe mkono kikaanguka. Hadassa alitoka, akanawa, akaja kwenye uzio bila kujua aanzie wapi.

"Anauliza sababu gani banabeba foto ya bafu, ya batu benye kufa," alisema. "Anasema tunakuja kumuzika."

Halikuhitaji maelezo. Kwetu, picha inayotangulia jeneza ni ile ile: shuka jeupe, mdomo umefungwa, uso umekuzwa ujaze fremu. Mara nyingi ni ya kitambulisho hasa, kwa sababu marehemu hakuwa na nyingine. Vagheni mwenyewe alikuwa amekuza nyingi za namna hiyo pale Butembo. Wote kituoni walikuwa wamewahi kuifuata picha kama hiyo makaburini, na hakuna aliyeliwaza hilo.

"Ni kosa yangu," akamwambia Hadassa. "Baite bote tena."

Mara hii hakutundika kitu. Aliwasimamisha kivulini, chini ya paa la ghala, na migomba nyuma yao, mbali kiasi cha kubaki rangi ya kijani tu. Yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa, kamera ikawa kwenye kimo cha mtu aliyelala kitandani, ingawa mume wake alimkataza siku zote kupiga uso kutoka chini. Akamwomba kila mmoja amsalimie Kasonia kwa Kinande, kama vile amemkuta amejilaza nyumbani kwake. Wengine walicheka kwa aibu. Hakubonyeza waliposema salamu. Alingoja nukta inayofuata, mdomo umeshatulia, macho bado yanasubiri kujibiwa.

Saa tisa Hadassa aliingia na picha yake mpya. Kutoka kwenye uzio Vagheni aliona suti ikiinama, ikakaa hivyo muda mrefu. Kasonia alinyoosha kidole akaigusa plastiki, kisha akatazama juu kwenye miwani, kama anayelinganisha. Midomo yake ikasogea. Kikombe kikainuka, kikashuka, kikainuka tena.

Vagheni alikaa chini pale pale vumbini. Alicheka, anasema, mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama naye ni mgonjwa. Baadaye Hadassa alimweleza midomo ile ilisema nini. Kasonia alikuwa amejibu salamu.

Alipona. Bado analima kakao, na kila akija Vulamba humletea dada yake lawama ile ile ya wale wauguzi: "Yaya, bale bainfirmier ulibapiga foto muzuri. Miye, unanitolea sura ya komisari wa polisi."

Picha za kitambulisho Vagheni anazipiga kama zamani, maana ofisi zinataka hivyo. Kwa wanaotafuta kazi, wachungaji, au wanawake wanaouza bidhaa kwenye simu, hukaa nao kwanza bila kugusa kamera. Mimi pia nilikwenda kwa ajili ya picha ya dosye, faili la maombi ya kazi, na nilikuwa na swali moja tu: kabla ya kubonyeza, anatafuta nini usoni mwa mtu?

"Hapana kutafuta kitu," alisema. "Namuuliza nani ataiangalia. Akisha kumuwaza huyo mutu, napiga."