Kiroba Nilichofunga Mbele ya Rejeta

Kosa langu la kwanza katika ufundi nililifanya nikiwa darasa la tano: nilifunga kiroba mbele ya rejeta ya pikapu ya baba ili isichafuke. Kosa la pili, ambalo ndilo lililonitesa, ni kwamba nilinyamaza.

Enzi zetu, sisi tuliokulia Bariadi kabla ya lami kufika kila upande, gari lilikuwa mtu wa nyumbani. Letu liliitwa Mkwe. Baba alisema Mkwe hakimbizwi, hafokewi, na asubuhi lazima asalimiwe kabla ya kuombwa chochote. Na kweli alimsalimia. Aligonga boneti mara mbili, "Mwangaluka, Mkwe," kisha akachuchumaa kuchungulia chini ya injini kama kuna doa la maji kwenye vumbi. Vumbi likiwa kavu, tulikunywa uji wetu kwa amani.

Msimu wa pamba Mkwe alikwenda vijijini mpaka Lingeka kuchukua marumbesa, yale magunia yaliyoshindiliwa kupita kiasi. Likizo ikiangukia msimu huo, tulipanda juu ya mzigo, mifuko ya kaptula imejaa michembe ya viazi iliyochemshwa na karanga. Tulirudi mgongo unawasha, nywele zimejaa pamba, tunafanana na babu zetu. Mama alitupanga mstari uani, akatuchambua vichwa kama kuku, huku akisema, "Safari ijayo nawauza pamoja na mzigo."

Geji ya joto ya Mkwe ilikufa kabla sijazaliwa. Baba alipima kwa pua na mikono. Akisikia harufu ya kutu iliyochemka, alisimama hapo hapo, hata kama abiria wana haraka. Alianza na mkanda wa feni, akaubonyeza kwa dole gumba kuona kama umelegea. Akashika mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini. Wa juu ukiunguza na wa chini ukiwa baridi, alijua maji hayazunguki. Halafu alichomoa stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, alisema, hapo usiguse tena ufunguo, tafuta ng'ombe wa kukuvuta. Mfuniko wa rejeta ulikuwa wa mwisho, na aliufungua kwa kitambaa kilicholowa baada ya injini kupoa kabisa. Neno lake lilikuwa moja: "Mkwe hachemki bure. Tafuta sababu kwanza, maji baadaye."

Madereva wa stendi walimheshimu kwa hilo. Walichemsha wote, yeye hakuchemsha. Lori la Masunga, rafiki yake, lilitoa moshi kila wiki, na kila wiki baba alimcheka.

Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kusafisha rejeta. Nyuzi za pamba, vumbi na panzi huziba vile vitundu vya mbele, upepo ukakosa pa kupita. Nilitumia njiti ya ufagio, kitundu kimoja kimoja. Wenzangu wakicheza gololi, mimi nahesabu vitundu. Sikuambiwa nihesabu. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, daftari likiwa na kosa moja nalichana karatasi nzima. Sasa fikiria uchungu wangu: Jumamosi rejeta inang'aa, Jumatatu jioni imevaa pamba tena.

Ndipo nikapata akili yangu. Nilichukua kiroba cheupe, nikakikata kwa kipimo cha rejeta, nikakipitisha nyuma ya show, ule wavu wa mbele ya gari, na kukifunga kwa waya pembe zote nne. Kiroba kina matundu, nikawaza, upepo utapita na uchafu utabaki nje. Ncha za waya nilizikunja ndani zisimchome baba. Sikumwambia. Nilitaka akute rejeta safi mwishoni mwa wiki, ashangae.

Jumanne, shule zimefungwa, tulikuwa njia ya Maswa, mimi na baba mbele, akina mama wawili na marumbesa nyuma. Harufu ilikuja ghafla. Baba alisimama, akafungua boneti, mvuke ukamvaa usoni. Masunga alikuwa akija nyuma yetu. Alisimamisha lori, akashuka taratibu kama mtu aliyeitwa kwenye sherehe.

"Baba Maduhu! Leo Mkwe kakasirika?"

"Anapumua tu."

"Anapumua? Huyu anapika makande!"

Akina mama juu ya mzigo wakacheka. Baba alibonyeza mkanda, uko sawa. Akashika mipira, yote miwili inaunguza. Stiki ya oili, safi. Akakuna kichwa. "Maji yanazunguka," akasema, "lakini hapati hewa."

Hapo nikakumbuka kiroba. Kabla sijafungua mdomo, baba alinipa dumu. "Maduhu, nenda kwenye ule mji pale, waombe maji. Wasalimie kwanza."

Nilikwenda nikipanga maneno yangu: baba, nimekosa, kuna kiroba. Niliyarudia kwenda na kurudi. Nilipofika, baba amekaa kwenye siti yake na Masunga ameshika mbavu kwa kicheko.

"Nilisahau kuweka maji asubuhi," baba akanieleza, bila kunitazama. "Lete hapa."

"Mwalimu wetu!" Masunga akapiga kelele. "Tafuta sababu kwanza, maji baadaye! Kumbe yeye hata maji hana! Kuanzia leo wewe ni Bila Maji."

Ningesema wakati ule. Lakini unafuu ulinijaa mdomoni kama michembe ya moto, siwezi kumeza wala kutema. Kesho yake asubuhi nilipochungulia nyuma ya show, kiroba hakikuwepo. Nikajiambia kilichomoka njiani.

Jina lile halikuchomoka. Sokoni, kanisani, kwenye mizani ya pamba: "Mwangaluka, Bila Maji!" Baba aliitika kwa kucheka, nami kila mara nilitamani ardhi inimeze. Nadhani ndiyo sababu nimekuwa fundi. Sijasomea. Nilipasua rejeta zilizokufa nione njia za maji, nikachemsha themostati kwenye sufuria ya mama niione ikifunguka, nikajaza madaftari. Hata leo gari la mteja nalikagua mara tano, nikilala nawaza la sita.

Msimu uliopita nilikuwa uani kwa baba, nasafisha rejeta ya Mkwe, ambaye siku hizi hubeba kuni tu. Baba alikuwa kwenye kigoda anamenya karanga. Sijui nini kilinisukuma.

"Baba, ile siku ya njia ya Maswa. Nilikuwa nimefunga kiroba mbele ya rejeta."

Hakuinua kichwa. "Chenye waya pembe nne?"

Njiti ikanianguka. "Ulikiona?"

"Nilikitoa mimi Masunga alipogeuka kuwatania akina mama, nikakikalia kwenye siti. Ncha zote zimekunjwa. Bariadi nzima nani mwingine angekunja ncha?"

"Kwa nini ukasema ulisahau maji?"

"Masunga alikuwepo. Ningesema ukweli, jina lingekuwa lako, na wewe ulikuwa na miaka kumi na moja." Akanisogezea karanga. "Nikasema utaniambia mwenyewe ukiwa tayari."

"Imepita miaka kumi na nane, baba."

"Mkwe hakimbizwi."

Wadogo zetu wa leo gari likichemka wanaliweka kwenye simu kwanza, wanasubiri wageni wa mbali wawaambie sababu, na mvuke unaendelea. Siwalaumu sana. Magari yao yana taa ya kila kitu, na hakuna anayegonga boneti kulisalimia. Ila nakumbuka ile harufu ya kutu na pamba, na mwanamume aliyejua sababu kwa mikono yake, akaikalia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda stendi nikamweleza Masunga mbele ya madereva wote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Basi mzee wako alituweza."

Tangu siku hiyo baba anaitwa Baba Maduhu. Bila Maji ni mimi.