Mashine Iliyolazwa Njiani

Wateja wangu wa mtaa wa Kabalagala, wengi wao wenye baa, wananijua mimi fundi wao wa friji kwa maneno makali. Friji ikishalazwa kwenye gari, nawaambia, iache isimame wima mpaka kesho ndipo uichomeke kwenye umeme. Ndani yake kuna kompresa, ile mota inayoleta baridi, na kompresa ikilazwa, oili yake hukimbilia kusikotakiwa. Inahitaji muda kurudi. Ukiwasha kwa pupa, mota inazunguka kavu na kuungua. Mtu akinibishia namuuliza kama yeye akitolewa kitandani huanza kukimbia papo hapo. Sheria hii sijawahi kumlegezea mteja yeyote. Nimeivunja mara moja tu, kwenye mashine ya baba yangu.

Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na sisi watoto tulikulia kambini, ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Alipostaafu mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshachoka, lakini hakupumzika. Aliingia kampuni ya ulinzi, akapangwa kwenye hosteli moja ya wanafunzi huko Kyambogo, asimame getini kuanzia jioni hadi asubuhi. Kiinua mgongo chake hakukigusa mpaka siku ofisi moja mjini ilipofungwa na kuuza vitu vyake. Akanunua mashine ya kuuza soda, ile unayoitumbukizia sarafu, unabonyeza namba, chupa inadondoka. Meneja wa hosteli, mama mmoja mwenye huruma lakini asiye na subira, akamruhusu kuiweka chini ya ngazi.

"Mama," baba aliniambia, maana nimepewa jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hii mashine itasimama pahali yangu. Mimi sasa nitakaa."

Hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Alitaka kukaa.

Tuliihamisha Jumamosi. Dereva wa pikapu alikataa kuisimamisha, akisema itanasa kwenye nyaya za umeme barabarani, kwa hiyo wakailaza chali. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu, nikajisemea moyoni kwamba itasimama mpaka Jumapili. Kumbe baba alikuwa ameshaalika watu. Tulipofika hostelini tulimkuta katekista wake ameshika kitabu, na rafiki yake wa jeshini, Mwislamu, amekuja kusoma dua, ili Mungu aombwe kutoka pande zote mbili asipate pa kukwepea. Wanafunzi walijaa kwenye ngazi. Baba alikuwa amevaa suti ambayo nilidhani ameshaigawa.

Waliomba, wakamaliza. Wote wakanigeukia mimi.

"Mama, washa," baba akasema.

Nilitazama saa. Tangu ishushwe haikuwa imetimia hata saa moja. Ningesema tu, baba, tungoje kesho. Maneno machache sana, na kila siku nayasema kwa watu wasionihusu. Lakini alikuwa anacheka, na mimi baba yangu nimemwona akicheka mara za kuhesabu. Nikachomeka. Mashine ikanguruma, taa zikawaka, na soda ya kwanza, ya moto kama chai, ikadondoka. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Wiki mbili ilifanya kazi vizuri. Baba alianza kuzungumza habari ya kuandika barua ya kuacha ulinzi. Kisha asubuhi moja breka ikaanguka, yaani ile swichi kwenye sanduku la ukutani inayojikata yenyewe umeme ukiwa na hitilafu, na hosteli nzima ikawa giza. Wakairudisha, ikaanguka tena. Wanafunzi walikuwa na mitihani, na wengine chai yao ilikuwa kwenye birika la umeme. Kelele zilifika mpaka barabarani.

Nilikwenda na mfuko wangu wa vifaa. Baba alisimama kwenye sanduku, mimi nikapiga magoti nyuma ya mashine. Kazi ya namna hii ni rahisi: unatoa kitu kimoja, unawasha, unatazama kama breka inashika. Nilitoa taa. "Imeanguka!" baba akaripoti kwa sauti ya gwaride. Nikatoa feni. "Imeanguka!" Nikatoa sehemu ya kupokea sarafu. "Imeanguka!" Fundi mwenye akili timamu angeanza na kompresa. Mimi niliiacha ya mwisho, kama mtoto anayezunguka nyumba nzima akitafuta kitu ambacho anajua amekivunja. Nilipoitoa, baba akapandisha swichi tena.

"Imeshika, mama," akasema kwa furaha. "Umepata ugonjwa."

Nikaweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye nyaya za kompresa na nyingine kwenye mwili wake wa chuma. Kompresa ikiwa nzima, mita hailii. Hapa ililia. Nyaya za ndani zilikuwa zimeungua, na umeme ulikuwa unavujia kwenye chuma.

Nilimwambia baba kompresa imekufa, sikumwambia imeuawa na nani. Meneja alitupa muda mpaka Ijumaa, tuitengeneze au tuiondoe. Siku hizo baba alikuwa akitoka zamu asubuhi na, badala ya kwenda kulala, anavuta kiti cha plastiki na kukaa chini ya lile sanduku. Mashine ilikuwa imechomolewa, lakini breka ikianguka kwa mabirika ya wanafunzi anainuka na mguu wake, anairudisha, anakaa. Nilimkataza, nikamwambia haisaidii kitu. Akanijibu, "Mtu hawezi kuacha lindo."

Katwe, kwenye vibanda vya vipuri vilivyotumika, nilizunguka siku mbili nikitafuta kompresa inayolingana. Niliyopata ilikuwa imetolewa kwenye friji ya nyumbani, ndogo kwa mashine yetu. Tuliifunga, ikahangaika mchana mmoja, ikazima. Fundi niliyekuja naye kutoka Katwe akanifuta jasho kwa maneno, akiniita nyabo, yaani bibie.

"Nyabo, ile ya zamani turudishe tu. Hii waya ya kijani na njano tunakata. Breka haitaanguka tena."

Ni waya wa ardhini, unaopeleka chini umeme uliovuja. Nakiri niliutazama ule waya kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Baba akaniuliza, "Ikikatwa, inafanya nini?"

"Breka haitaanguka, baba. Ataanguka mtu atakayeshika mlango."

Hakuchukua hata dakika. "Hapana. Hawa ni watoto ya watu." Akamshukuru fundi, akamkatalia.

Ijumaa tukaiondoa. Nilipigana na dereva, nikataka isimame wima, wanaume wanne waishike njia nzima. Watu walinitazama kama mwendawazimu. Baba mwenyewe alisema, "Mama, si imekufa? Ilale tu." Sikukubali. Tulikwenda polepole hadi kwake, maiti imesimama kati yetu, na tulipokaribia aliniuliza bila kunitazama.

"Ile siku ya kwanza tuliilaza. Hiyo ndiyo iliharibu?"

"Hapana, baba," nikasema. "Ilikuwa imezeeka tu."

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nilijichukia hapo na bado najichukia, na haijabadilisha kitu. Ningemwambia ukweli, angenisamehe kabla sijamaliza kusema, na hilo ndilo nisiloweza kulibeba.

Mashine iko barazani kwake. Ndani anaweka unga na viatu vya kanisani. Mguu umezidi kuwa mbaya. Nikimtembelea namkuta anavaa koti la kampuni, anafunga kamba za buti taratibu, kwanza mguu mzima, kisha ule mwingine. Juzi jirani mgeni alimuuliza mbona hatafuti fundi mzuri aifufue.

Baba akanionyesha kwa kidevu. "Fundi mzuri ni huyu mama yangu. Yeye akishindwa, hakuna mtu ataweza." Akachukua fimbo yake na kwenda kusimama getini.