Siku Nilipokwama Kwenye Kitanda cha Kolera

Mpaka leo kuna watu huku Kalemie wakiniona sokoni na beseni yangu ya ndakala, wale samaki wadogo wa kukausha, wanainamisha kichwa kucheka, wengine wananiita Mama Kitanda kabisa, basi afazali nijisemee ile aibu mimi mwenyewe, maana wanaoisimulia wanaruka kila mara kipande chenye kuuma, tena wanaficha jina la aliyenituma. Mimi silifichi. Ni Papa Dieudonné, mukubwa wa ile proje ya kupigana na kolera, kipindupindu.

Proje ilikuwa inafunga kazi, wakaita wageni toka Kinshasa kwa mukutano mukubwa wa kusema kazi ilikwenda namna gani na wamejifunza nini, ili wachague pahali pa kujenga kituo cha pili cha kutunza wagonjwa. Mimi niliugua kolera nikapona, njo maana waliniita. Nikafurahi, kwani nilikuwa na neno langu. Sisi tunakaa ng'ambo ya muto, kituo cha kwanza kiko huku upande wa biro, ofisi ya proje. Siku tuliyopatwa mimi na mudogo wangu Sifa, watu wa pikipiki walituona tunatapika wakakataa kutubeba (Trésor, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema kiti chake ni kipya!), majirani wengine wakatusukuma kwa matoroli ya muchanga. Mimi nilifika. Sifa alikata roho njiani.

Basi asubuhi ya mukutano nikamuambia Papa Dieudonné, "Papa, leo nitasema juu ya njia."

"Mama Feza, wakati ni mufupi," akajibu, huku anapangusa viatu vyake. "Wewe utalala tu kwenye kitanda, utalia kidogo, mimi nitaeleza. Wageni wanapenda muchezo wa teatre."

Nami mujinga nikasema ndiyo papa. (Kwa ile ndiyo, ningejichapa.)

Kwa asiyejua, kitanda cha kolera kina tundu katikati na ndoo chini yake, maana mugonjwa hana nguvu ya kwenda choo. Wakati wa ugonjwa nilikuwa nimekauka sawa ndakala wa juani. Sasa nimepona, ninakula bukari yangu ya unga wa muhogo bila kuomba ruhusa, na sehemu ya kukalia imerudi na ndugu zake wote. Tena kile kitanda hakikuwa cha kituo, alikitengeneza Kasongo seremala mule mule ukumbini, akakata tundu la kupitisha sufuria ya matanga, akasahau na turubai ya kutandika juu. Nilipokisogelea, Papa Dieudonné akaninong'oneza, "Ukae pembeni." Lakini nilipomusikia anaambia wageni kwenye mikro, "Kwetu wote walitunzwa sawasawa, hakuna aliyeachwa," roho ikanipanda, nikajiangusha katikati kwa uzito wangu wote.

Nikaingia. Magoti kwenye kidevu, miguu hewani, ndoo ikapasuka chini yangu, kitenge kikapanda (namushukuru Mungu nilivaa cha pili ndani). Ukumbi ukalipuka. Wanaume wakanivuta mikono, kitanda kikanifuata. Wakashikilia kitanda, nikazama zaidi.

"Mumupake mawese!" muntu akapiga kelele nyuma.

"Kasongo, lete musumeno! Lakini ukate mbao, usikate mama!"

Papa Dieudonné jasho linamutiririka, akasema, "Mumubebe nje na kitanda chake, tuendelee." Wakanibeba sawa maiti anayecheza, tukafika mulangoni, kitanda kikakataa kupita. Hawakujua warudi ao waende. Wakanitua pale pale, nimeziba mulango, hakuna wa kutoka wala wa kunifukuza.

Nikaona, Feza, njo saa yako ya kusema.

"Mucheke mumalize," nikasema, "kisha munisikilize, maana sina pa kwenda. Papa Dieudonné anasema wote walitunzwa sawasawa. Ni kweli, wale walioingia mulangoni mwa kituo. Hesabu yake inaanzia mulangoni. Mudogo wangu Sifa alikufa njiani, kwenye hesabu hayumo. Na majirani wengine wa ng'ambo waliokufa vile vile hawamo. Mukitaka kuchagua pahali pa kituo, mutembee kwanza ile njia."

Kicheko kikakatika. Mama mumoja wa wale wageni akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Pole, mama. Hiyo njia inaanzia wapi?"

"Munitoe hapa, nitakuonyesha."

Kasongo akakata mbao, na jioni ile ile tukaenda kwa miguu mpaka kwetu, mimi nikichechemea mbele na mugeni, Papa Dieudonné nyuma yetu, viatu vyake vimekunywa matope yote ya mvua. Nilimuonyesha mugeni mahali Sifa alipoishia.

Kituo hakijajengwa bado. Ninauliza kila nikipita biro yao, na nitauliza mpaka wachoke wao, si mimi. Juzi Papa Dieudonné akanijia na meno nje. "Mama Feza, kuna mukutano mwingine kule Moba. Watu walipenda sana kile kitanda!"

Nikamuambia nitakwenda. Lakini mimi silali tena pahali nilipoitwa kusema. Mikro nitashika mimi, na kitandani atalala yeye.