Leo baba kapokea kisu mkononi

Nyie, leo baba yangu kapokea kisu mkononi mwangu, na nimelia.

Ngoja nieleze.

Mzee hajawahi kutembea bila kisu cha kukunja mfukoni. Cha zamani kimevunjika mpini, basi asubuhi nikaenda sokoni Kashaulili kumchagulia kingine. Nilivifungua na kuvifunga vyote nikisikiliza mlio, kama alivyonifundisha. (Muuzaji alinuna, ila ndo hivyo.)

Nikampelekea nyumbani Kawajense.

Nikakiweka kwenye stuli ili akichukue mwenyewe, maana kwake kisu hakipokewi mkononi. "Mtagombana!" Ndivyo alivyotukaripia miaka yote.

Akanitazama.

"Mbona unakiweka huko? Nipe mkononi."

Nikampa. Akamenya chungwa vizuri tu, ganda moja refu bila kukatika. Mikono yake haijasahau.

Halafu akanikatia kipande, kwa heshima kabisa.

"Karibu, mama. Wewe ni binti wa nani?"

Mpaka sasa nimekaa hapa nasubiri ule ugomvi. Hauji.

Nyie ambao wazee wenu bado wanawagombeza, wapigieni leo.