Mkwe Ndani ya Grupu

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, wanawake wafanyabiashara wa Kibiti na deltani waliniona waziri wa mawasiliano. Nami sikuwakatalia. Nikawaundia grupu la simu: wa deltani watangaze kamba wao wakavu, wa Ikwiriri ufuta na mchele, na dereva wa gari la mizigo aseme siku anayopita. Nilijiona nimeiweka Rufiji nzima kiganjani.

Dereva alipoingia tu, shoga yangu wa kamba akatoka. Nikamrudisha, akatoka tena. Nikadhani kidole chake kinateleza. Kumbe dereva ni mume wa bintiye, na kwao deltani mama hakai chumba kimoja na mkwewe.

Nikampigia. "Shoga, ile ni simu, si chumba."

"Watu wanaingia?"

"Wanaingia."

"Wanatoka?"

"Wewe umetoka mara mbili."

"Basi ni chumba. Na juzi nimetuma sauti humo nikiwatukana kunguru. Mkwe asikie?"

Nikamsimulia muuza ufuta wa Ikwiriri, ambaye kwao mkwe hubebeshwa magunia, akanitumia kicheko kama cha mashine ya kusaga mahindi. "Mwambie mwenzetu aivishe simu ushungi."

Tulicheka, lakini mawingu ya vuli yalishatanda. Kamba wake wamejaa magunia, na mvua ikiwakuta kule wataoza. Gari ni moja tu, la mkwe. Nikatoa elimu yangu yote ya jioni: nikaunda grupu la pili, nikaliita Uani, wanawake peke yao. Mkwe akitangaza kwenye grupu la kwanza, mimi nahamishia Uani.

Kesho yake akatangaza: gari litakuwa bandarini baada ya adhuhuri. Nikahamisha. Shoga yangu akavusha magunia kwa boti.

Nilipofika, yeye yuko nyuma ya gari, kajitanda, kageuka upande wa maji. Mkwe yuko mbele, anaitazama tairi kama mchumba. Simu yangu ikalia. Mkwe ameandika: "Muulize mama kama magunia yameisha kupakiwa."

Nikahamishia Uani. Simu ikalia nyuma ya gari. Shoga yangu kuandika humchosha, akarekodi sauti ambayo hata mamba waliisikia: "Mwambie yameisha. Na aendeshe polepole, asinivunjie kamba."

Mkwe akaendelea na tairi yake, hajasikia kitu, mpaka nilipomwandikia. Ndipo akafunga turubai, akawasha gari. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya turubai.